Juu ya Asali na Miti ya Dawa: Majina Yake na Kipimo Chake

Mwalimu mmoja wa shule ya kijijini alitujia na neno hili. Bibi mzee, jirani yake, alimlambisha mjukuu wake asali kwa ajili ya kikohozi. Mtoto alikuwa na miezi minne. Mama wa mtoto, aliyepata kusikia mafundisho kliniki, akamshika mkono akamwambia, "Mama, usimpe, wamekataza." Bibi akakasirika, akajibu, "Mwanangu, nimelea wanane kwa asali hii, na mumeo mmoja wao. Leo mwataka kunifundisha?" Wote wawili wakamwendea mwalimu awaamue. Mwalimu akanyamaza, maana hakujua ni yupi mwenye haki.

Tulidhani twaweza kumjibu kwa mstari mmoja. Lakini tulipoanza kuchungua, tuliona ya kuwa jibu hilo lina historia ndefu, na ya kuwa mtu asiyeijua historia hiyo atamjibu bibi kwa dharau au atamjibu mama kwa uoga. Kwa hiyo tumeandika maneno haya, tukidhani kwamba wasomaji wetu wengi wameulizwa swali kama hilo, au wataulizwa.

I. Majina

Tuanze na lugha, kwani maneno hutunza habari ambazo watu wamezisahau. Nyuki, nta, mzinga, mti na mganga ni maneno ya Kibantu. Asali na dawa ni maneno ya Kiarabu. Mtu aweza kudhani basi ya kuwa watu wetu walifundishwa na wageni kula asali na kuganga wagonjwa. Sivyo hata kidogo. Lugha nyingi za bara zimeshika jina la kale la asali, nalo ni jina la nyuki lililogeuzwa ngeli tu: Wanyarwanda husema ubuki, Wakikuyu husema uuki, na nyuki kwao ni njuki. Hata katika Tanzania, pombe ya asali iitwayo wanzuki yaonyesha wazi jina la nyuki ndani yake. Watu wa pwani, waliofanya biashara na Waarabu, walichukua jina la sokoni, nalo likaenea bara pamoja na Kiswahili. Kitu chenyewe kilikuwako tangu zamani.

Neno dawa lataka kuangaliwa zaidi. Katika lugha za kusini, kama Kizulu, jina la mti na jina la dawa ni moja, umuthi. Na sisi twasema mitishamba. Lakini dawa katika Kiswahili limekuwa neno pana mno. Kinachotuliza kikohozi ni dawa. Hirizi ya kumlinda mwizi asionekane ni dawa. Na mwaka 1905 maji yaliyoaminiwa kugeuza risasi za Wajerumani yaliitwa dawa vilevile, na vita ikapata jina lake kwayo. Basi mtu akisema, "Asali ni dawa," hajasema uongo, wala hajatuambia jambo. Yatupasa kuuliza: dawa ya nini, kwa nani, na kiasi gani?

Neno mganga nalo lina heshima yake. Kuganga ni kufunga kilichovunjika, kuunga, kutengeneza, ndipo kuponya. Methali yasema, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Mzee mwenye kuganga hakuwa lazima mtu wa mapepo, mara nyingi alikuwa mtu wa kufunga majeraha.

Na mzinga ni gogo lililotobolewa ndani, likatundikwa mtini. Bunduki kubwa zilipoletwa pwani, watu waliziona zimefanana na gogo hilo, wakaziita mizinga. Leo mtoto wa mjini huanza kujua mzinga wa vita kabla ya mzinga wa nyuki. Walakini mzinga wa nyuki ndio uliotangulia.

II. Mrina asali

Nchi ya Unyamwezi yafaa kuwa mfano, kwa sababu misitu yake ya miombo ni malisho makubwa ya nyuki. Richard Burton alipofika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, mwaka 1857, mizinga ya magogo ilikuwa jambo la kawaida mitini, naye akaitaja katika kitabu alichokichapa mwaka 1860. Kazi hiyo imeendelea hata sasa. Warina asali huondoka vijijini, wakapiga kambi msituni siku nyingi, wakapanda miti kwa kamba na kienge cha moshi. Lugha imeipa kazi hii kitenzi chake pekee: asali hairithiwi neno la shamba wala la mfereji, huvunwi wala huitwi kutekwa, bali hurinwa.

Katika mzinga mna zaidi ya asali. Mna majana, ambao ni watoto wa nyuki ndani ya sega, na warina wengi huwala palepale. Mna nta, ambayo katika sehemu nyingi ilitupwa mpaka wafanya biashara walipoanza kuinunua. Mna chavua ya maua, mna gundi ambayo nyuki huzibia nyufa, na maziwa ya nyuki ambayo hulishwa yule atakayekuwa malkia. Na tena mna sumu, ambayo mrina huipata bila kuiomba.

Nta ina habari moja ambayo mapadre wataipenda. Mwishoni mwa karne ya 16, João dos Santos, mtawa Mreno aliyekaa Sofala, aliona ndege mdogo akiingia kanisani na kudonoa nta ya mishumaa. Aliandika tena kwamba ndege hao huwaongoza watu mpaka penye nyuki. Kitabu chake kilichapwa Évora mwaka 1609. Ndege huyo ndiye mlembe, rafiki wa warina. Wahadzabe wa karibu na ziwa Eyasi hata leo humfuata, na Wayao wa Niassa katika Msumbiji humwita kwa mlio maalum. Mwaka 2016 wataalamu walichapa hesabu iliyoonyesha kwamba mlio huo waongeza nafasi ya kuongozwa na ndege mara mbili hivi. Elimu ya mrina ilipopimwa ilionekana kuwa elimu kweli. Tukumbuke neno hili, maana tutalirudia.

Asali iliyoletwa nyumbani haikuwa chakula tu. Aghalabu sehemu yake iliwekwa katika kibuyu, au katika kilindo cha gome la mti, chini ya mkono wa mzee. Mwenye jeraha la moto alipakwa. Mwenye kikohozi alilambishwa. Na mizizi michungu ilisagwa na kuchanganywa na asali ili ipite kooni. Asali ya nyuki wadogo wasiouma ilihesabiwa kuwa bora zaidi kwa dawa, na mpaka leo yauzwa kwa bei kubwa kuliko nyingine. Lakini jambo la kuangalia ni hili: mgonjwa hakujichotea. Aliyemchotea alimjua, alimjua na mama yake, alijua kama ana mimba au ana ugonjwa mwingine. Na mgonjwa akizidiwa, ni yeye aliyeulizwa. Asali ilitoka pamoja na kipimo chake, na kipimo kilikuwa na mwenyewe.

III. Mataifa ya kale

Wala watu wetu hawakuwa peke yao. Gombo la Misri liitwalo Ebers, la miaka kama 1550 kabla ya Kristo, lataja asali katika mamia ya dawa; na gombo la Edwin Smith, lihusulo majeraha, lafundisha kuyafunga kwa asali na mafuta. Katika Korani imo sura yenye jina la Nyuki, isemayo kwamba kinywaji kitokacho kwao kina ponyo kwa watu. Na Waislamu wa pwani wameishika habari hiyo katika tiba zao za asali, tangawizi na habasoda. Ibn Sina, ambaye Wazungu humwita Avicenna, aliiweka asali katika kitabu chake kikubwa cha tiba katika karne ya 11.

Lakini wale wa kale walijua pia kwamba tamu ina mpaka. Kitabu cha Mithali chasifu asali, na katika sura ya 25 chaonya kwamba aishibaye ataitapika. Xenofoni Mgiriki asimulia kwamba mwaka kama 400 kabla ya Kristo askari wake walikula asali karibu na Trebizond, wakaanguka kama walevi, wasiweze kusimama. Sasa twajua ya kuwa asali ile hutoka katika maua yenye sumu yaotayo milimani kule. Na hapa pwani kulikuwa na maajuni, tamutamu iliyopikwa kwa asali au sukari, na ndani yake bangi au afyuni. Aliyeionja aliona utamu wa asali; kilichomlewesha kilijificha chini yake. Maajuni hayo ni fundisho kwa siku zetu pia, kwa maana asali ni kipandwa kizuri: hupandwa na dawa, hupandwa na sumu.

IV. Yaliyopimwa

Sasa tuone yaliyopatikana kwa kupima. Mwaka 1892 Mholanzi van Ketel alionyesha kwamba asali huua vijidudu. Mwaka 1937 Wajerumani waliipa nguvu hiyo jina, inhibini, bila kujua ni kitu gani. Mwaka 1963 Jonathan White wa Marekani aliifumbua. Nyuki hutia katika asali kimeng'enya ambacho, asali ipatapo maji kidogo, kama yale ya jeraha, hugeuza sukari yake kuwa asidi na kuwa haidrojeni peroksidi, dawa ile ile ya kusafishia vidonda iliyomo katika chupa za hospitali. Tena asali ina maji machache, chini ya sehemu 20 katika 100, na sukari yake huwanyonya vijidudu maji yao. Hivyo jeraha hupata dawa itokayo polepole. Lakini kimeng'enya hicho huharibiwa na moto. Asali iliyochemshwa ili ionekane nyepesi na safi dukani yaweza kuwa tamu kama ile ya kwanza, na nguvu yake imepungua.

Mwaka 2015 wataalamu waliokusanya majaribio yote ya majeraha waliamua kwamba asali huponya majeraha ya moto yasiyo ya kina upesi kuliko vifungio vya kawaida, na vilevile majeraha ya upasuaji yaliyooza. Juu ya vidonda vya miguu vya siku nyingi hawakupata hakika. Juu ya kikohozi, majaribio ya Pennsylvania ya mwaka 2007 yalionyesha kwamba watoto waliopewa asali usiku walipata nafuu. Na mwaka 2018 washauri wa tiba wa Uingereza waliiandika asali kuwa tiba ya kwanza ya kikohozi cha kawaida. Basi bibi hakukosea juu ya kikohozi. Hospitali za Ulaya zimerudi kwenye kibuyu chake.

Walakini kupima kulikotoa ushahidi huo kulitoa na onyo. Mwaka 1976 madaktari wa Marekani walitambua ugonjwa wa watoto wachanga uitwao botulizimu. Katika asali mara nyingine mna mbegu za kijidudu fulani, ambazo mtu mzima hupitisha bila dhara. Tumbo la mtoto ambaye hajatimiza miezi 12 halijawa na nguvu ya kuzizuia. Huota humo na kutoa sumu, naye mtoto hulegea, hunyonya kwa shida, sauti ya kilio chake hudhoofika, na pumzi yaweza kusimama. Ugonjwa ni wa nadra. Ndiyo sababu watoto wanane wa bibi walisalimika, na ndiyo sababu mtu mmoja, hata akiwa na hekima nyingi, hawezi kuuona nyumbani mwake. Huonekana mahali ambapo watoto wa nyumba nyingi huhesabiwa pamoja. Kupika asali kwa moto wa jikoni hakuziui mbegu hizo.

Juu ya mazao mengine ya nyuki twaweza kusema kwa kifupi. Maziwa ya nyuki humfanya buu kuwa malkia; wauzaji husema kwamba kwa hiyo yatamzidishia binadamu miaka, lakini mtu si buu, na wako wenye pumu waliozidiwa vibaya kwa kuyala. Sumu ya nyuki ilisifiwa na daktari Filip Terč wa Maribor mwaka 1888 kwa maumivu ya viungo, na mpaka sasa wako wanaodungisha wagonjwa nyuki kwa makusudi. Mwaka 2018 madaktari wa Hispania waliandika habari ya mwanamke aliyekufa kwa tiba hiyo, baada ya kudungwa kwa miaka miwili bila dhara. Tena mwenye kisukari asidanganywe kwamba asali si sukari. Sukari ndiyo sehemu yake kubwa kabisa.

V. Miti

Miti ya dawa ina historia ya namna hiyo hiyo. Ganda la mti wa kwinini lilijulikana kuponya homa kabla ya watu kujua lina nini. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walitoa kwinini ndani yake, na tangu hapo kiasi kikaweza kupimwa. Wajerumani walianzisha kituo cha Amani katika milima ya Usambara mwaka 1902, wakaupanda mti huo humo. Vita ya 1914 ilipowafungia bahari, askari wa Lettow-Vorbeck walitengenezewa kwinini ya Amani. Na walipofukuzwa kaskazini walichemsha maganda wakanywa maji yake, kinywaji kichungu mno ambacho kwa mzaha walikiita pombe ya Lettow.

Habari ya pili ni ya China. Kitabu cha tiba cha karne ya 4 kilitaja pakanga fulani kwa homa. Tu Youyou alikisoma, akaona kwamba wa kale waliliweka jani katika maji bila kulichemsha. Akaacha moto mkali, na mwaka 1972 yeye na wenzake wakapata artemisinini, ambayo leo yaokoa watu wa malaria Afrika nzima. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel. Lakini mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba chai ya majani hayo isitumiwe kuponya malaria, kwa kuwa nguvu yake haina kiasi thabiti; mgonjwa aweza kupata kidogo, homa ikatulia, na ugonjwa ukabaki. Mti ni ule ule. Kilichotofautiana ni kipimo.

Hata majina ya miti huweza kutudanganya. Mwarobaini, mti uliotoka Bara Hindi, uliitwa hivyo kwa kusadiki kwamba waponya maradhi arobaini. Jina hilo ni sifa, si hesabu. Na mafuta ya mbegu zake yamewadhuru watoto wachanga walionyweshwa.

Na mwaka 2011 nchi nzima ya Tanzania, na majirani, walielekea Samunge katika Loliondo. Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu, aliyefariki mwaka 2021, aliwapa watu kikombe cha maji ya mzizi uitwao mugariga, kwa shilingi 500, akisema kwamba ameagizwa na Mungu. Watu walisema kikombe hicho chaponya UKIMWI, kisukari, pumu na kansa. Magari yalipanga foleni ya kilometa nyingi; wagonjwa walitolewa hospitalini kwenda huko, na wengine walifia njiani. Hatusemi haya kwa kumdharau mzee huyo, ambaye bei yake haikuwa bei ya mtu mwenye tamaa. Twasema kwa sababu wako walioacha dawa zao za UKIMWI baada ya kunywa, nao hawakupona. Kikombe kilikuwa kimoja kwa kila mtu na kwa kila ugonjwa. Mrina wa zamani asingalifanya hivyo; asingalimpa mwenye jeraha na mwenye kikohozi neno moja.

VI. Jibu kwa mwalimu

Yatupasa kukiri kosa la upande wetu. Katika siku za wakoloni, walimu wa dini na maofisa wa serikali mara nyingi hawakumtenga mganga na mchawi. Mwaka 1928 sheria ya uchawi ilitungwa Tanganyika, na wazee wengi waliojua miti tu wakaogopa kusema wanalolijua. Elimu iliyofichwa haipimwi, na isiyopimwa haisahihishwi. Baadaye mambo yaligeuka: mwaka 1974 kazi ya kuchungua tiba ya asili ilianzishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Muhimbili, na mwaka 2002 ilitungwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, iliyoweka baraza la kuandikisha waganga na dawa zao. Lakini pengo lile lilikuwa limekwisha kujazwa na chupa. Leo asali na unga wa majani huuzwa stendi na mitaani, na karatasi yake yataja maradhi kumi na matano. Chupa haimjui mgonjwa. Aliyeiuza kesho hayupo mahali pale. Asali imebaki, kipimo kimepotea. Hilo ndilo badiliko kubwa la karne hii.

Basi jibu letu kwa mwalimu ni hili. Amwendee bibi kwanza, wala si mama, amwambie kweli: kwamba juu ya kikohozi anayo haki, na madaktari wa ng'ambo wameikubali. Kisha amwambie kwamba limepatikana jambo moja ambalo mzee mmoja asingaliweza kuliona peke yake, yaani mtoto asionje asali hata tone kabla ya kutimiza mwaka. Amnyonyeshe mama yake, na akihema kwa shida apelekwe kwa mganga wa zahanati siku ile ile. Aongeze, "Bibi, kibuyu ni chako na kipimo ni chako, twaongeza miezi tu." Tunadhani bibi atasikia, kwa kuwa kazi yake yote ilikuwa kujua nani apewe na nani asipewe.

Na kwa wasomaji wetu tuna ombi. Waulizeni wazee wa mahali penu majina ya mizinga, ya miti na ya namna za asali. Lakini msiishie kwenye majina, kama sisi wapenda lugha tulivyozoea. Andikeni na kipimo: nani alitoa, kiasi gani, kwa siku ngapi, na ni nani aliyekatazwa. Hilo la mwisho ndilo wazee hulisema mwisho, mara nyingi mgeni akiwa amekwisha kufunga daftari lake. Msilifunge upesi.